Ukiwa na mawazo unakula? Namna ya kupungua uzito bila kukata tamaa njiani

Kuna kitu nakiona sana hapa Kigoma, hasa kwa sisi wanawake wa biashara. Mtu anaanza dayeti vizuri kabisa, anakula mboga, anatembea, soda hataki hata kuiona, halafu mtaji unayumba au mtoto anaumwa au siku ya marejesho ya kikundi inafika hela haipo, basi jioni ile ile unamkuta na mfuko wa maandazi, kesho yake anakwambia mimi nimeshindwa, sina nidhamu. Jamani mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi dagaa mwaloni Kibirizi utasemaje hana nidhamu? Nidhamu anayo. Ila alipanga chakula peke yake, mawazo hakuyapanga, na mawazo ndiyo yanayomlisha.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni kwa mtu wa namna hiyo, anayekula akiwa na stresi halafu mizani ikimchelewesha anaacha kila kitu. Fuata hatua kwa mpangilio, usiruke ile ya kwanza hata kama unaona ya kitoto.

Ila kwanza uelewe kinachotokea mwilini, maana ukielewa utaacha kujilaumu. Stresi ya ghafla, mfano bodaboda imekukosakosa barabarani, inakata hamu ya kula kabisa, hiyo ni kazi ya adrenalini. Sasa stresi ya kukaa nayo, deni, ugomvi wa ndani ya nyumba, kuuguza mgonjwa muda mrefu, hiyo inaleta homoni nyingine inaitwa kotisoli, inatengenezwa kwenye tezi ndogo zilizokaa juu ya figo, na hii inafungua hamu ya kula, tena inachagua, inataka vitamu na vya mafuta. Ongeza na usingizi mbovu, ukilala kwa masaa manne au matano tu mwili unaongeza homoni ya njaa na kupunguza ile ya shibe. Kwa hiyo mtu ana deni, hajalala, na mchana hajala, unategemea jioni akatae chapati?

HATUA YA 1: DAFTARI, WIKI NZIMA, BILA KUBADILISHA CHOCHOTE

Chukua hata daftari la mtoto lililobaki kurasa. Kila unapotia kitu mdomoni andika saa ngapi, umekula nini, na dakika chache kabla ya hapo kulikuwa kunaendelea nini au ulikuwa unajisikiaje. Wiki hii usijibane, kula kama kawaida yako, tunatafuta ukweli tu.

Kuna mwenzetu kwenye kikundi anauza dagaa kwa jumla, daftari lake lilitufundisha wote. Mchana wake wote ni chai na kipande cha muhogo. Kuanzia saa moja jioni mistari imejaa, ukoko, maharage kachota na mwiko amesimama pale pale jikoni, karanga za mtoto, chapati iliyobaki asubuhi, na pembeni ya mistari mingi kaandika neno moja, hesabu. Yaani alikuwa akifika nyumbani anafungua daftari la biashara, anapiga hesabu ya siku, anaona nani hajalipa, anafunga, anaenda jikoni. Siku za Jumapili ambazo hapigi hesabu, mistari ya usiku hakuna! Sasa alichofanya hakuanza kujikaza na chapati. Alihamisha hesabu. Siku hizi anapiga saa tisa mchana akiwa bado sokoni na ameshakula, akifika nyumbani lile daftari halitoki kwenye pochi. Ule ulaji wa usiku ulipungua sana hata kabla hajagusa menyu yake.

Ndiyo maana nasema usiruke hatua hii. Wewe wako unaweza usiwe hesabu, unaweza ukawa simu ya mtu fulani, au ule muda watoto wamelala na nyumba imekuwa kimya, au unapoingia kuangalia stetasi za watu wanaofanikiwa. Huwezi kuujua kwa kukisia.

HATUA YA 2: JIFUNZE KUTENGANISHA NJAA

Njaa ya tumbo inakuja taratibu na haichagui. Njaa ya mawazo inakuja ghafla na inataka kitu kimoja maalumu, chipsi, keki, soda baridi, na inataka sasa hivi. Kipimo ninachowapa watu ni hiki, jiulize kama mtu angekuletea ugali wa muhogo na sombe (kisamvu) ya jana ungekula? Kama jibu ni ndiyo, una njaa, nenda ukale ushibe. Kama roho inakataa ugali lakini inataka biskuti, hapo tumbo halijaomba kitu.

HATUA YA 3: KULA MCHANA, KULA UKASHIBE

Hii wengi wanaibishia lakini ndiyo inayobeba zote. Ukishinda na chai ya sukari mpaka jioni, njaa ya tumbo na njaa ya mawazo zinakukuta saa moja usiku kwa pamoja, na hapo hakuna mtu anayeshinda.

Na kwa Kigoma hatuna sababu ya kulalamika kwamba chakula cha kupungua ni cha matajiri. Dagaa wetu wana protini nyingi, na protini ndiyo inayokaa tumboni na kuzuia njaa isirudi haraka. Samaki wetu mgebuka wa kuchoma au wa kuchemsha, maharage, sombe, mchicha, matembele, vyote vipo Mwanga sokoni. Panga sahani hivi, nusu iwe mboga za majani, robo iwe samaki au dagaa au maharage, robo iliyobaki ndiyo ugali. Ugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu, protini yake ni kidogo mno, kwa hiyo ukila donge kubwa na kimchuzi utashiba kwa uzito halafu baada ya muda mfupi unatafuta tena.

Sasa mawese. Najua naenda kugusa pabaya. Mimi sisemi uache mawese, mtu wa Kigoma aache mawese ale nini, na rangi ile nyekundu ina karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Ila ujue kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote, yawe mawese au alizeti, kina kalori kama 120. Ukimimina kwa chupa kwa kukadiria na jicho unaweza kuweka vijiko sita kwenye mboga ya watu wawili, hapo ni kalori 720 kwenye mboga tu, bado ugali. Pima kwa kijiko. Anza na vijiko vitatu, wiki mbili zijazo weka viwili, ulimi unazoea haraka kuliko unavyofikiri.

Soda nayo, kola ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 35, hiyo ni kama vijiko tisa vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa ikibaki chini ya gramu 25 kwa siku ndiyo vizuri zaidi. Chupa moja tu imeshapita. Na soda haishibishi.

HATUA YA 4: ILE SAA MBAYA IPEWE KAZI

Daftari limeshakwambia saa yako mbaya. Usiingie saa hiyo mikono mitupu. Hamu ya stresi ikipanda sio kwamba inakaa usiku kucha, mara nyingi ukiiacha bila kuilisha inapanda na kushuka ndani ya nusu saa hivi. Kwa hiyo lengo lako ni kupita hiyo nusu saa, basi. Usijiapize kwamba sitakula andazi maisha yangu yote, sema tu nasubiri dakika ishirini kwanza, ikifika bado nalitaka nitakula moja, nimekaa, kwenye sahani.

Za kufanya kwenye huo muda ni zile zinazokutoa jikoni. Kuoga. Kutembea, na huku kwetu milima ipo, shuka mpaka stesheni halafu panda tena kurudi Mwanga jasho litakutoka hutaki mazoezi mengine. Kupiga simu kwa mtu unayempenda, sio anayekudai. Kusali. Kusuka, kufuma, kupanga dagaa, chochote kinachoshika mikono yote miwili. Televisheni na simu zisikudanganye kuwa ni mapumziko ya kufaa kwa kazi hii, mikono inabaki haina kazi na matangazo yenyewe ni ya vyakula.

Na ndani usiweke akiba ya vile vitu vyako. Kama ni biskuti, nunua za mtoto kila siku moja moja, ghali kidogo lakini usiku hazipo. Kufuata duka saa tatu usiku kuna uvivu wake na huo uvivu ni msaada.

HATUA YA 5: STRESI YENYEWE IPANGIE RATIBA

Hapa ndipo miongozo mingi ya kupungua uzito inapowaacha watu. Wanakwambia "punguza stresi", utapunguzaje na deni liko pale pale?

Sisi wa ziwani stresi yetu ina kalenda. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima linang'aa, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, vyombo vinapumzika, na hela inakauka kwa wote, mvuvi, mchuuzi, mama lishe, hadi kijana wa boda anayebeba mizigo Kibirizi. Hii inajirudia kila mwezi wala sio siri. Na mwaka 2024 tuliona kubwa zaidi, uvuvi Ziwa Tanganyika ulipopumzishwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15. Ziwa lilipumzika kwa sababu nzuri, samaki wazaliane, lakini kwa mwenye mkopo miezi ile ilikuwa mirefu.

Kwa hiyo kama unajua wiki ya mbalamwezi ndiyo wiki unayokula ovyo, iandalie mapema. Wiki ya giza hela ikiwepo tenga ya chakula cha kawaida, maharage na unga, ili mbalamwezi isikukute unaishi kwa maandazi na chai ambayo ndiyo chakula cha bei rahisi cha mtu mwenye mawazo. Ongea na kikundi marejesho yapangwe kufuata giza, vikoba ni vya kwenu wenyewe, kanuni mliandika ninyi na mnaweza kuzibadilisha mkikubaliana. Anayekudai mfuate wewe kabla hajakufuata, mwambie nitakupa nusu tarehe fulani. Lile deni litabaki, ila ule woga wa kila simu ikiita unapungua, na ule woga ndio uliokuwa unakula chapati.

Kama wewe ni mwalimu au mfanyakazi wa ofisini kalenda yako ni nyingine, labda tarehe 15 mpaka mshahara utoke, labda msimu wa mitihani. Mkulima wa Kasulu ana ya kwake. Tafuta yako uiandike.

Na kuna mawazo ambayo hayatibiwi kwa kutembea wala ratiba. Ndoa inayokuumiza, msiba ambao bado haujapona, hayo yanahitaji mtu wa kukaa naye mkazungumza, mama mkubwa, shangazi, sheikh, mchungaji, au mtaalamu wa ushauri hospitali. Usione aibu. Nimeona watu wanapambana na sahani miaka wakati kidonda kiko kwingine kabisa.

HATUA YA 6: JIANDAE NA MIDOMO YA WATU

Ukinenepa wanasema, ukipungua wanasema zaidi. "Shoga mbona umekonda, unaumwa?" "Mume hakutunzi?" Kwetu mwili mnene bado watu wanauona ndio dalili ya maisha mazuri, kwa hiyo wanaouliza wengi hawana ubaya, wana hofu tu. Lakini maneno hayo yanarudisha watu nyuma kuliko chipsi. Andaa jibu moja fupi, mfano "niko salama mama, daktari kaniambia nipunguze kwa ajili ya presha", litumie kwa wote, usianze kujieleza.

Ugenini ni hivyo hivyo. Mama mwenye nyumba akikupakulia usikatae sahani, utamvunjia heshima. Pokea, kula mboga na samaki kwanza taratibu, ugali acha nusu, na akisema ongeza mwambie "ahsante mama, nimeshiba, kimenoga sana". Maneno matamu yanatosha kuwa shukrani, huna lazima ya kula mara mbili.

Wa nyumbani waeleze mapema, hasa baba watoto. Mwambie jioni ukiniona niko kimya naelekea jikoni niite tukae nje kidogo. Wengi wanafurahi kuombwa hivyo kuliko kuambiwa leo nyumba nzima tunakula mchicha.

HATUA YA 7: MIZANI, NA HAPA NDIPO UVUMILIVU UNAPOTAKIWA

Wiki ya kwanza ya kujibana mtu anaweza kushuka hata kilo mbili akashangilia. Halafu wiki ya pili na ya tatu robo kilo, anaona dawa imegoma. Sikiliza, ule mshuko wa kwanza mwingi ni maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo inashika kama gramu tatu za maji, ukipunguza ugali akiba inatumika na maji yanatoka. Mafuta yenyewe yanaondoka polepole.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Ukipunguza kalori 500 kila siku inakuchukua karibu siku 15 kuiondoa. Na upande wa pili pia hesabu inakutetea, umekula harusini Jumamosi, Jumapili mizani imepanda kilo moja na nusu, je ulikula kalori zaidi ya 11,000 juu ya mahitaji yako kwa usiku mmoja? Haiwezekani. Hayo ni maji ya chumvi ya pilau na chakula ambacho bado kiko tumboni, siku mbili tatu yanashuka. Wanawake siku za kukaribia hedhi mwili unashika maji, mizani inapanda bila kosa lolote. Dagaa wa chumvi nao hivyo hivyo, waloweke umwage maji.

Kwa hiyo pima mara moja kwa wiki, mizani ile ile, asubuhi, umeshaenda chooni, hujanywa chai. Zile mizani za barabarani leo hii kesho ile zinatofautiana zitakuua moyo bure. Andika, halafu linganisha mwezi na mwezi. Nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki ndiyo mwendo unaoshauriwa, kwa mwezi kilo mbili mpaka nne. Kama una kilo 90, ukishuka kilo nne na nusu tu hiyo ni asilimia 5, na kiwango hicho kwa watu wengi kinaanza kusaidia presha na sukari. Miezi miwili mitatu.

Na usiiachie mizani peke yake. Nenda kwa fundi cherehani akupime kiuno na futi yake, uandike, urudi baada ya mwezi. Mara nyingi kiuno kinapungua wakati mizani imesimama. Kwa mwanamke kiuno zaidi ya sentimita 88 na kwa mwanaume zaidi ya 102 ni alama ya hatari ya moyo na kisukari, kwa hiyo hiyo namba ni ya afya, sio ya urembo.

UKITELEZA

Utateleza, iwe umekula maandazi sita, iwe chipsi kuku usiku wa manane. Chakula kinachofuata kiwe cha kawaida. Usijiadhibu kwa kushinda njaa kesho yake, maana njaa hiyo ndiyo itakurudisha kwenye maandazi kesho kutwa jioni. Fungua daftari, andika kilichotangulia. Kama ni kitu kipya, umepata taarifa mpya ya kufanyia kazi.

MAMBO YA DAKTARI

Usinunue vidonge wala chai za kupunguza tumbo mitandaoni au stendi. Nyingi zinaharisha, unachopoteza ni maji na madini. Kama unatumia sindano ya insulini au vidonge vya sukari usipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari, sukari inaweza kushuka ghafla na hiyo ni hatari ya maisha. Mjamzito asianze dayeti ya kupungua, anayenyonyesha aulize kliniki kwanza. Kuna dawa zinazoongeza uzito, steroidi kama prednisoloni, sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, usiziache mwenyewe, kaongee ubadilishiwe. Na kama unakula sana kwa siri mpaka unaumia, huwezi kusimama, halafu unajitapisha, hayo ni maradhi yanayotibika, nenda hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu useme hivyo hivyo bila kupunguza maneno.

MIZANI IKIGOMA MWEZI MZIMA

Mwezi mzima nasema, sio wiki. Kagua kwanza kijiko cha mawese, mara nyingi kimeanza tena kuwa cha kukadiria. Kagua vya kuonja jikoni na vya kumalizia sahani za watoto. Kagua usingizi. Kagua sukari ya chai, vikombe vitatu vya vijiko vitatu ni vijiko tisa, umerudi kwenye soda. Kama vyote viko sawa, basi mwili mdogo unatumia nguvu kidogo kuliko ule mkubwa wa mwanzo, kwa hiyo kile kiasi kilichokupunguza ukiwa na kilo 90 ukifika 82 kinaweza kuwa kinakutosha tu. Punguza ugali kidogo tena au ongeza kutembea, nusu saa siku tano inatimiza zile dakika 150 za wiki zinazoshauriwa, halafu subiri mwezi mwingine ndipo uhukumu.